Mhuri wa Machi, Damu ya Januari

Misunkumilo, Mpanda
Alhamisi, 3 Julai 1997
Asubuhi ya baridi, mbingu haina wingu, upepo unaleta moshi wa majani yanayochomwa upande wa mashambani.

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, hayo mengine utayasoma humu. Kifua cha Baba Mdogo kimetulia tangu mmalize kukausha tumbaku? Mwambie nimesema tena, akae mbali na moshi wa bani la kukaushia, kazi hiyo aiachie wenye mapafu mapya. Na mgongo wako je? Huku mpunga umeshavunwa, mchele wa kutoka Mamba umejaa sokoni, na vumbi limeanza kuingia mpaka kwenye chumvi.

Barua yako ya tarehe 28 Juni ilinifika juzi kwa mkono wa yule mama anayeuza dagaa kwenye treni. Nimeisoma mara tatu. Hukuweka salamu. Umeniuliza jambo moja tu, kama ni kweli nimemtilia mwanao damu mbaya. Umesema ulinilea tangu mama yangu alipofariki, ukanilisha sahani moja na mwanao huyo, Restituta, na kwamba kama nilimchukia kwa sababu ya mwanaume ningemtukana yakaisha, si kumuua.

Jibu langu ni hapana. Lakini neno hapana halitakusaidia kitu, kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho. Kama macho yanasumbua, usimpe jirani. Asome mwanao Kaspari, na mlango ufungwe. Siandiki ili unisamehe. Naandika ili umwite Resti nyumbani kabla hajarudi kwa mumewe. Wewe anakusikia. Mimi aliacha kunisikia zamani.

Unalijua daftari langu la kila siku, mlikuwa mnanicheka nalo tangu nikiwa kidato cha pili. Nalifuata hilo, sitegemei kichwa.

Tarehe 20 Januari, mimi na Deo tulitolewa damu. Parokia ya hapa haitangazi ndoa mpaka wachumba wote wawili walete karatasi ya kupimwa UKIMWI. Tulitolewa hapahapa ninapofanya kazi ya uhudumu wa maabara, na jina la Deo nililiandika mimi kwenye kitabu. Lakini damu za wachumba hazipimwi hapa. Zinawekwa kwenye boksi la barafu, zinapanda treni mpaka hospitali kubwa yenye mashine, na majibu yanarudi yakipenda. Safari hii mvua ilikata reli, na kule nako dawa za mashine zikaisha. Tukangoja wiki saba.

Deo hakungoja amekaa. Tarehe 24 Januari alipakia mchele akaenda kuuza kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi tarehe 2 Machi.

Tarehe 11 Februari nilimtoa damu mama mmoja wa wodini, mgonjwa sana. Nilipokuwa narudishia kifuniko, sindano ikapita kando ikaingia kwenye kidole changu cha shahada. Tulikatazwa kurudishia vifuniko, lakini kopo la kutupia sindano lilikuwa limejaa tangu Jumatatu, na mimi sipendi sindano wazi juu ya meza. Ndiyo unadhifu wangu huo. Nikaosha kwa sabuni na maji ya bomba mpaka kidole kikawa cheupe. Yule mama alikufa tarehe 15, na damu yake ilionyesha alichokuwa nacho.

Mganga mfawidhi aliniita ofisini akanieleza, na mimi nakueleza wewe kwa namna yangu. Kipimo tunachotumia hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza ili kupigana naye, na mwili hauwatengenezi siku hiyohiyo. Mwingine anachukua wiki tatu, mwingine sita, mwingine hata kumi na mbili. Wewe ukimwaga mbegu za tumbaku kwenye kitalu leo, kesho ukachungulia, utaona udongo mtupu. Ukiandika kwenye karatasi kwamba hakuna mbegu, utakuwa umeandika uongo wenye mhuri. Basi ndani ya muda ule mtu anapimwa anaonekana hana, na huku anaweza kuwa nao na anaweza kumpa mwenzake. Nasikia Ulaya wana kipimo cha kumsaka mdudu mwenyewe mapema. Hapa hakipo, na hata huko Tabora kwenye mashine hakipo. Kwetu dawa ni kungoja miezi mitatu kamili tangu siku ya tukio, ndipo kupimwa. Wengine wanasema rudia tena baada ya sita.

Tangu siku ya tukio, Mama Mdogo. Si tangu siku ya mhuri. Naomba Kaspari apigie mstari hapo.

Karatasi zetu zilikuja tarehe 10 Machi, zote mbili safi, zimepigwa mhuri wa tarehe 7 Machi. Mama yake Deo, aliyekuwa amekuja kutoka Mamba kwa ajili ya harusi, alizipeleka kwa katekista mwenyewe zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa cha mezani. Kila mtu aliusoma mhuri. Tarehe ya damu kutolewa haikuandikwa popote kwenye zile karatasi, ilibaki kwenye kitabu chetu cha maabara. Kwa macho ya watu, mimi na Deo tulikuwa wazima mpaka tarehe 7 Machi. Kwa kweli tulikuwa wazima mpaka tarehe 20 Januari, na hata hapo, kwa hesabu ya kitalu, damu hiyo inasema ya miezi mitatu nyuma tu.

Harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi tarehe 5 Aprili, wiki ya Pasaka. Jumapili tarehe 16 Machi, tukitoka misa, nilimwambia Deo habari ya sindano. Nikamwomba tusogeze mpaka mwisho wa Mei, nipimwe kwanza, nisije nikamuua kwa kunyamaza. Alicheka kidogo. Akasema, "Sasa ukianza hivyo, na mimi si ningoje? Kule machimboni kulikuwa na mwanamke ananipikia wiki tano. Unadhani alikuwa anapika tu?"

Nilimwambia basi tungoje wote wawili, nami sitamlaumu. Akaniambia nisiwe mjinga, watu wameshaalikwa. Hayo maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema, siku ileile, saa nane mchana.

Jumapili ya Matawi tuliitwa nyumbani kwao. Alikuwepo mama yake, katekista, shangazi yake na mjomba mmoja. Nilidhani tutasema wote. Deo akaniachia niseme peke yangu. Nilipomaliza kueleza sindano na miezi mitatu, nikamtazama nikingoja aongeze ya kwake. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti.

Mama yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, karatasi unayo?" Nikasema ninayo. "Imesema nini?" Nikasema imesema sina. Akawageukia wenzake. "Mtu ana karatasi ya serikali inasema ni mzima, yeye anasema tusiiamini. Nani anajijua kuliko mwenyewe?"

Ilikuwa hivyo, Mama Mdogo. Kuomba kungoja ndiyo kulikuwa kukiri kwangu. Katekista alijaribu kusema kwamba nimefanya uungwana, lakini shangazi alikuwa ameshakiondoa kikombe nilichonywea na kukiweka nje ya mlango. Tangu siku hiyo, mtaani naitwa Bibi Sindano. Watoto wananiimbia.

Ningeweza kusema ya machimboni palepale. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mtu husema ya kwake mwenyewe. Hilo ni kosa langu la kwanza, na sijajitetea nalo.

Ya Resti unayajua upande mmoja. Nilimchukua kwenu ajifunze cherehani, na alijifunza vizuri, ana mkono. Yeye ndiye aliyekuwa ananishonea gauni. Mchele wa harusi ulishafika, watu wa Mamba walishajiandaa, na Mama Deo hakutaka kuwarudisha na aibu. Wakasogeza mpaka tarehe 3 Mei, wakabadilisha bibi harusi. Ulipoletewa habari ukakubali, na sikulaumu, uliambiwa mimi ni mgonjwa na familia isipoteze mkwe mzuri. Resti naye alikuwa anampenda. Alianza kumpenda lini sikuuliza.

Tarehe 2 Aprili alikuja maabara kutolewa damu ya karatasi yake. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nikamfunga mpira mkononi, nikamwambia taratibu, Deo naye apimwe tena, karatasi yake ni ya kabla ya safari.

"Dada, ina mhuri wa Machi. We unataka mhuri wa mwezi gani?"

Nikamwambia mhuri ni wa Machi, damu ni ya Januari, na katikati kuna mwanamke aliyempikia wiki tano.

"Wanaume wote wanaosafiri wanapikiwa," akasema. Sindano ilikuwa imeshaingia, damu inajaa, anaitazama. "We ulizisoma hizo tarehe zako, ukabaki na daftari. Mimi nataka mume."

Nikafungua mpira, nikampa pamba. Majibu yake yalirudi wiki tatu baadaye, safi.

Harusini nilikwenda. Nilipewa kazi ya kukaa na mizigo chumba cha nyuma nisishike vyakula, na sahani niliyolia wali nikaambiwa niondoke nayo, iwe yangu. Ninayo mpaka leo, ni sahani nzuri.

Tarehe 20 Mei, wiki ya kumi na nne tangu sindano, nilitolewa damu. Tarehe 16 Juni majibu yakarudi, sina. Nililia mbele ya mganga mfawidhi mpaka nikaona haya. Habari ilimfikia Mama Deo, naye akasema sokoni, kumbe alikuwa mzima, basi alimkataa mwanangu kwa makusudi.

Sasa ya damu uliyoniuliza.

Jumanne tarehe 24 Juni waliniletea Resti kwenye kitanda kilichofungwa kwenye baiskeli. Mimba ilikuwa imetoka tangu usiku wa jana yake, na damu ilikuwa haikatiki. Viganja vilikuwa vyeupe kama unga. Akahitaji kuongezewa damu, na huku damu haikai ghalani, inatolewa na ndugu. Deo akavua koti, akasema chukueni yangu. Nasema hilo kwa haki yake. Alikunja shati bila kuulizwa.

Kwa watoaji damu tu, tunavyo vipimo vya haraka vichache, havihitaji mashine wala treni, dakika kumi na tano unasoma. Ni haohao askari vinaowatafuta, kwa hiyo kungoja ni kulekule. Cha Deo kilionyesha anao. Kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, kanuni ni kurudia kwa kipimo cha aina nyingine. Nilimwita mganga mfawidhi arudie yeye, maana nilijiogopa mwenyewe, nisije nikawa naona ninachotaka. Cha pili nacho kikasema anao.

Resti alikuwa anapumua kwa shida. Kundi langu na lake ni moja. Nikakunja shati mimi. Mganga mfawidhi alinipima kwa mkono wake, vipimo vyote viwili, juu ya yale majibu ya mashine ya siku nane kabla. Sina, sina. Damu yangu ilitoka ikiwa vuguvugu, ikaingia kwa mwanao saa saba na robo mchana, na saa kumi akaomba uji. Kabla ya kuongezewa yeye pia alipimwa, akaonekana hana. Lakini ameolewa tarehe 3 Mei. Hesabu mwenyewe. Ni kitalu kile.

Deo aliambiwa majibu yake kesho yake, mlango umefungwa, akatakiwa amlete mkewe waelezwe pamoja. Alikubali. Alipotoka akamwambia Resti kwamba damu yake haikulingana kundi. Na jioni hiyo mama yake akaanza kusema kwamba Bibi Sindano amepata nafasi yake, amemtia mke wa Deo damu ya sindano. Hiyo ndiyo iliyopanda treni ikakufikia wewe.

Umeona walivyojipanga? Leo Resti hana. Mwezi ujao akionekana anao, kutakuwa na karatasi mbili. Ya kabla ya damu yangu, safi; ya baada ya damu yangu, chafu. Kila asiyejua kuhesabu ataniona mimi katikati.

Mimi ni mtumishi, nimeapa kutotoa siri za kitabu. Mganga mfawidhi alinikumbusha tena, akasema kitabu cha maabara si mdomo wangu. Nikashika ulimi siku nne. Resti alipotoka wodini tarehe 28 alikuja kwangu, maana wakwe walisema mwanamke aliyetoka mimba apumzike kwa ndugu zake, na ndugu yake huku ni mimi. Jumapili tarehe 29 nikashindwa. Nilimwambia yote, kama ninavyokuandikia wewe.

Alinisikiliza huku anakunja kanga. Halafu akasema, "Aliyechomwa sindano ni wewe. Aliyenitia damu ni wewe. Halafu mgonjwa ni Deo?"

Nikasema ndiyo.

"Nionyeshe hicho kitabu."

Kitabu kinafungiwa kabatini, na hata kingekuwa wazi singekitoa. Nilimwambia hairuhusiwi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishapata jibu. Tangu hapo anapika kwenye chungu chake, hapa ndani ya nyumba yangu, na maji anachota mwenyewe. Nimemwambia hata kama ningekuwa nao, kikombe hakiambukizi, chungu hakiambukizi. Anasema, ulisema hata karatasi haina maana.

Basi ninachokuomba ni hiki. Mwandikie leoleo, au mtume Kaspari amfuate. Sema unaumwa, sema lolote, wewe ni mama yake. Akija, asilale na Deo tena. Hajalala naye tangu tarehe 23 Juni mimba ilipoanza kutoka, na daktari alimkataza wiki sita, kwa hiyo tuna bahati ya siku. Ukihesabu miezi mitatu kutoka hapo ni tarehe 23 Septemba. Siku hiyo au baada yake apimwe, si kabla, na kama kitaonyesha anao kirudiwe kwa aina nyingine kabla hamjaanza kulia. Anaweza kuwa salama bado. Wengine wanalala na mwenye virusi mara nyingi wasipate, nimewaona kwa macho kwenye kitabu kilekile. Lakini kila akirudi kwake ni sawa na kumwaga mbegu tena, na hesabu inaanza mwanzo.

Na akikutwa nao, niandikie unitukane ukitaka, ila sahani msimtengee.

Nisalimie Baba Mdogo. Nisalimie bibi Magdalena, mama yake Baba Mdogo, mwambie miwani nimeipata, ataletewa. Kaspari aendelee na masomo ya jioni, asiache. Shangazi Veronika wa kwa mwenyekiti naye salamu, hata kama amesema aliyoyasema. Mtoto wa Kaspari ameanza kutembea? Mbusuni.

Ni mimi uliyemlea,
Yustina

Ijumaa, 4 Julai. Naongeza haya kabla sijaipeleka stesheni. Jana saa kumi na mbili jioni Deo alikuja na mama yake na baiskeli. Nilimwambia Deo mbele yao, mwambie mkeo ulichoambiwa tarehe 25. Akasema hajaambiwa kitu. Nikamwambia basi angalau zile wiki sita za daktari. Mama yake akasema mwanawe hajaoa ili alale na shuka. Resti alishafunga mzigo, sijui tangu saa ngapi. Akaniaga kwa heshima, akapanda nyuma ya baiskeli, akamshika Deo kiunoni.

Tarehe 23 Septemba niliyokuandikia huko juu ifute. Sijui ya kuweka mahali pake. Siku atakayoshuka kwenye treni hapo kwenu, iandike ukutani kwa mkaa, uanze kuhesabia hiyo.

Usingizi ulinipata saa tisa na dakika ishirini za usiku.